Ufito Uliogawiwa Watu Watatu

Mdogo wangu, ambaye watu walimwita Bwana Mianzi, hakuwahi kuutazama ufito wa kuvulia kabla ya kuunusa. Ukimletea wa zamani, alifumba macho, akaupitisha chini ya pua kama mama anayepima maziwa kama yamechacha, ndipo akaenda nao dirishani. Alisema vanishi ya miaka hamsini ina harufu yake na vanishi ya juzi ina yake, na mwongo akipaka ya juzi juu ya ya zamani, pua inajua kabla ya jicho. Nimeanza na pua yake makusudi. Ningeikumbuka siku niliyopaswa kuikumbuka, labda nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ndiye dada yao mkubwa. Nilisoma mpaka darasa la saba nikatoka wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, kwa hiyo mwenye akili ataelewa. Mwandiko wangu mpaka leo unasifiwa. Hilo nalo lina mahali pake katika habari hii.

Tulizaliwa watatu. Mimi, kisha Mianzi, kisha kitindamimba wetu ambaye aliendesha malori tangu ndevu zilipomtoka, tukamwita Dereva hata nyumbani. Baba yetu alikuwa mlinzi wa lango la bwawa. Lilikuwa bwawa la chama fulani cha watu waliokuja mwisho wa wiki kuvua kwa raha tu. Wanamvua samaki, wanamsifu, wanampima, wanamrudisha majini. Baba aliyaona mambo hayo miaka ishirini na sita na hakuyaelewa hata siku moja. "Ni kama kumwalika mtu chakula," alisema, "ukamtoboa mdomo, ukamwambia karibu tena."

Mmoja wa wavuvi hao, daktari wa meno mzee, alipokuwa anahama alimwachia baba ufito wake. Haukuwa mwanzi mzima kama ule wa kuangulia matunda. Ulikuwa umepasuliwa vijiti sita, vikaranduliwa pembe tatu kila kimoja, vikagundishwa pamoja mpaka ukiutazama kichwani unaona pembe sita, kama chumba cha sega la asali. Ulikuwa na vipande vitatu: shina lenye mshiko, kipande cha kati, na ncha nyembamba kama sindano ya kufumia. Vilichomekana kwa viungo vya shaba, dume ndani ya jike, na ukivichomoa vilitoa sauti, pop, kama kizibo cha chupa.

Baba hakuvua nao hata mara moja. Aliutundika ukutani juu ya saa. Asubuhi za mapumziko aliuteremsha, akauunganisha, na Mianzi, ambaye alikuwa na miaka sita hivi, akapewa kazi ya kushika ncha isiguse sakafu. Kisha baba alisema, "Achia," na aliutikisa mara moja tu. Ufito wote ulipinda na kunyooka, kuanzia mkononi mpaka juu kabisa, polepole, kama mtu anayeamka akajinyoosha. Basi. Aliufungua tena akautundika. Mimi niliona ni mchezo wa wanaume wasio na kazi. Mianzi alikuwa akibaki mdomo wazi.

Baba alipofariki, mirathi iligawiwa na baba mdogo, mpima mizani wa ghala la ushirika. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi ili kisu kisile upande wa mtu. Akagawa vitanda, akagawa redio na baiskeli, akafika kwenye ufito. Akauchomoa, pop, pop, akaviweka vipande mezani, akatutazama sisi watatu, akatabasamu.

"Watoto watatu, vipande vitatu," akasema. "Mungu ameshagawa. Mimi ni nani nimpinge?"

Watu wakapiga makofi. Dada mkubwa akapewa ncha kwa kuwa ndiye wa juu, Mianzi shina, Dereva kipande cha kati. Naapa tuliona ni haki. Katika ukoo mzima hakutokea mtu hata mmoja wa kusema, jamani, kitu hiki ni kimoja.

Sasa niandike la bomba, maana nikilichelewesha nitatafuta njia ya kuliruka.

Miaka minne baada ya mirathi nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Siku moja sinki liliziba, maji machafu yamejaa mpaka ukingoni, na mashemeji zangu wako njiani, wale wa kupitisha kidole juu ya kabati. Mpini wa ufagio ulikuwa mnene. Waya sina. Ncha ya baba ilikuwa juu ya kabati, nyembamba, inapinda, na nikajiambia kitu kinachopinda hivi hakivunjiki. Nikaisukuma. Nikaizungusha. Nikasikia kata! ndani ya chuma, na mkononi nikabaki na shibiri tatu. Shibiri moja na nusu ilibaki humo bombani. Maji yaliteremka. Hilo lazima niseme, yaliteremka vizuri sana.

Kilichobaki nikakifunga kwenye foronya ya zamani, nikakilaza chini kabisa ya sanduku langu la bati, nikafunga ufunguo. Sikuwa na hofu. Kilikuwa kijiti tu.

Wakati huo Mianzi alikuwa seremala wa kutengeneza viti na makochi. Lile shina aliliweka kwenye karakana yake, kwenye msumari wake lenyewe, na kila mteja alipouliza ni nini, alieleza. Ndipo watu wakaanza kumletea. Mtu anahama nyumba, anakuta dari imeficha fito. Mjane anauza vitu vya marehemu. Mnada unafanywa, na katika ile takataka ya mwisho isiyotakiwa na mtu kuna mfuko wa kitambaa wenye vipande. Mianzi alinunua. Akajifunza mwenyewe kurandua vijiti vya pembe tatu, kufunga pete kwa uzi wa hariri, kuunga kilichovunjika mpaka kidole kisipate mahali pa kukwama. Chumba cha watoto, walipoondoka, kikawa chumba cha fito. Zilifika mia moja na kumi na mbili.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa mshonaji, na ndiye aliyempa hariri. Alikuwa akimwambia kila mgeni, "Karibu uwaone wake wenzangu. Wako mia moja na kumi na mbili, na hakuna hata mmoja anayeosha chombo."

Kila ufito ulikuwa na ukurasa wake katika daftari la jalada gumu. Umetoka kwa nani, una vipande vingapi, vanishi ni ya asili au imekwanguliwa, na kasoro zake. Na kila kasoro ilikuwa lazima iandikwe sababu. Ulikanyagwa na nani. Ulibanwa na mlango gani. "Kasoro bila sababu ni umbea," alisema. Mwisho kabisa ndipo aliandika thamani. Watu walikuja kutoka mbali kumuuliza kitu chao ni cha bei gani, na hakuwadanganya hata kama ukweli uliwaliza. Alikuwa na kanuni moja ambayo niliisikia mpaka ikanichosha: ncha fupi inapunguza bei, lakini ncha ya kubandika, iliyotoka kwenye ufito mwingine, inaua. Fupi ni ajali. Ya kubandika ni uongo.

Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja mnunuzi, mtu mzima mwenye lenzi shingoni, aliyezunguka nchi hadi nchi kutafuta fito. Alipita chumba kizima akisifu kidogo kidogo. Alipofika kwenye shina la baba pale msumarini akasimama. Akalichukua. Juu ya mshiko palikuwa na jina la fundi wake kwa maandishi ya wino, membamba kama unywele. Akakaa kitini.

"Vingine viko wapi?"

"Kwa ndugu zangu," Mianzi akasema.

"Kwa nini viko kwa ndugu zako?"

Mianzi akamweleza habari ya baba mdogo. Yule mtu alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Ukiwa mzima," akasema, "ni nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu. Shina peke yake ni mpini wa ufagio."

Neno hilo, nyumba, liliwahi kufika kwa Dereva kabla ya Mianzi mwenyewe. Sijui nani alilibeba. Mianzi alipokwenda kumwomba kipande cha kati, alikuta mlango umeshakunja uso.

"Unataka kujenga kwa kijiti changu?"

"Siuzi, bwana mdogo. Nataka kuuona."

"Kuona nini? Baba alikuonyesha miaka yote. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, sikumbuki hata akiutikisa. Kuona, kuona! Nyumba ya vyumba vitatu, unataka kuona."

Wakagombana. Mianzi akaja kwangu, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye neno.

"Dada, ncha yako ipo?"

Ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini mbele yangu amekaa mtu ambaye macho yake yanang'aa kama siku zile ameshika ncha isiguse sakafu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia hao wawili tangu utotoni, tunzeni vitu, angalieni mimi ninavyotunza. Nikasema, "Ipo sandukuni. Usiwe na wasiwasi. Maliza kwanza na Dereva, yangu ni ya mwisho."

Basi akaniomba nikawapatanishe. Nikaenda. Na huko nilikokwenda kupatanisha, nilikunywa chai ya Dereva, nikamwambia, "Usimpe haraka. Jambo kubwa hili. Fikiri." Mwaka uliofuata nikamwambia, "Kwani amekuandikia karatasi?" Mwaka mwingine nikamwambia, "Nyumba ni nyumba, mdogo wangu." Nilipotoka hapo nilipita kwa Mianzi nikamwambia, "Nimejaribu. Yule ana kichwa cha jiwe." Ilimradi Dereva anakataa, hakuna atakayenidai ncha. Nilichochea moto wa ndugu zangu miaka kumi na saba ili kufunika kipande cha mwanzi, na kila sikukuu ya familia nilikaa katikati yao kama mtu wa amani, wananisifu.

Kisha macho ya Mianzi yakaanza.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema ni ugonjwa mwizi, unakula pembeni kwanza, na mwenyewe hajui mpaka unafika katikati. Alipojua, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilibaki na nafasi kama tundu la ufunguo, na hilo tundu lenyewe liliona vizuri asubuhi tu, jua likiwa upande wa dirisha. Matone aliyotiwa yalikuwa ya kuchelewesha, si ya kuponya.

"Miezi miwili," daktari alisema. "Labda mitatu."

Mianzi hakulia. Aliuliza swali moja, tukiwa bado tumesimama kwenye ukumbi wa hospitali, wifi amemshika mkono huu, mimi huu. "Miezi miwili inatosha kuunganisha ufito?"

Hakuwa anataka bei. Alitaka asubuhi moja tu, dirishani, auone ufito wa baba ukiwa mzima, autikise mara moja, auone unavyojinyoosha mpaka juu. Basi. Baada ya hapo giza lije.

Wifi alimpigia Dereva simu bila kumwambia mtu. Na Dereva, mwenye kichwa cha jiwe, akaja siku ya pili yake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwizi wako."

Mianzi akasimama. Dereva aliingia na kitu kimefungwa kwenye koti la kazi, akakiweka mezani, akabaki ametazama chini. Mianzi akakifungua, akakipeleka puani.

"Dizeli?"

"Dizeli."

"Miaka mingapi?"

"Yote, kaka. Nilikuwa napimia tangi. Kinaingia vizuri kuliko kijiti chochote. Kwanza nilikikata alama tatu. Robo, nusu, robo tatu."

Wifi akajishika kifua. Mianzi akavipapasa vile vikato kimoja kimoja kwa ukucha, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa.

"Baba yetu amepima dizeli! Bwana mdogo, wewe! Unajua umefanya nini? Mafuta yamezuia wadudu. Kipande hiki ni kizima kuliko shina langu."

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe nini? Dada, chukua daftari, andika wewe mwenye mwandiko. Kipande cha kati, halali. Kasoro: vikato vitatu. Sababu: kitindamimba, kwa kupimia dizeli."

Nikaandika. Wote wanacheka, Dereva anacheka na machozi, na mimi nimeshika kalamu. Ule ndio ulikuwa wakati. Mlango ulikuwa wazi, msamaha umemwagika sakafuni, ilibaki kuinama kuokota. Nikafunga daftari.

"Bado wewe tu, Dada," Mianzi akasema.

"Nitaleta."

Sikuleta. Kwanza nilisema ufunguo wa sanduku umepotea. Wiki ya pili nikasema goti. Kila asubuhi, kuanzia saa moja mpaka jua lilipoondoka dirishani, Mianzi alikaa na shina na kipande cha kati vimeunganishwa juu ya mapaja, ananisubiri. Wifi alikuwa akinipigia.

"Wifi, leo ameona kikombe, mkono wa kikombe hakuuona. Unakuja lini?"

"Fundi wa ufunguo amesema Jumatano."

"Vunja sanduku, wifi!"

"Sanduku la mama nilivunje?"

Alikata simu.

Usidhani nilikuwa nimekaa tu. Nilikwenda mpaka nyuma ya kiwanda cha magodoro. Vile vyumba sasa ni saluni. Mwenye saluni, msichana mwenye kucha ndefu, alinitazama nimeinama chini ya sinki lake mbele ya wateja.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

"Kitu cha baba yangu."

"Kwenye bomba?"

Alinihurumia, akaniletea kigoda. Akasema mabomba ya chuma yaling'olewa kabla hajapanga, yakauzwa kwa kilo. Haya ya sasa ni plastiki. Nilikaa kwenye kile kigoda muda mrefu, wananisuka kwa macho.

Kutoka hapo nilikwenda kwa muuza vikuukuu, nikafukua lundo lake, nikapata ncha ya mwanzi ya ufito mwingine, yenye pembe sita. Rangi yake ilikuwa ya maji ya chai changa. Ya baba ilikuwa chai iliyokolea. Nikampelekea fundi wa vyuma asiyemjua Mianzi, pamoja na zile shibiri tatu zangu. Akapasha moto kiungo cha shaba cha baba, akakichomoa, akakivika kwenye ncha ya lundoni. Nikaikoleza rangi, nikaipaka vanishi mwenyewe kwa brashi ndogo, nikaianika chumbani kwangu.

Ilikauka kwa siku nne. Lakini sikwenda.

Hapa ndipo kalamu inaponilemea, na nitaandika hivyo hivyo. Kwa jicho lake la tundu la ufunguo, asubuhi dirishani, Mianzi angejua. Kwa hiyo nilisubiri. La bomba lilikuwa la kukosa akili. Hili nililitenda na akili zangu zote za darasa la saba. Nilikaa kwangu, nina ncha ya uongo juu ya kabati, nikasubiri mdogo wangu apofuke.

Siku ya thelathini na nane tangu Dereva alete kipande chake, wifi alipiga simu. Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Leo hakuona dirisha," alisema. Nikavaa viatu.

Nilimkuta amekaa pale pale, uso kwenye mwanga asiouona, vipande viwili mapajani. Dereva alikuwa kando yake, amekuja kila siku tangu siku ya dizeli. Wifi alisimama mlangoni, hakunisalimu.

"Dada umekuja," Mianzi akasema. "Umepata ufunguo."

"Nimepata."

Akanyoosha mikono. Nikamwekea ncha. Kiungo cha baba kikaingia kwenye kipande cha kati bila kusita, maana kilikuwa cha baba kweli. Alipokichomoa kujaribu kikalia, pop, sauti ile ile, na Dereva akaruka kutoka kitini, "Enhe! Ndio huo!" na wifi akaficha uso kwenye mkono wa gauni. Mianzi akakirudisha. Akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu lile tangu ana miaka sita.

"Bwana mdogo, shika ncha isiguse sakafu," akasema. "Achia."

Akautikisa.

Ukapinda kutoka mkononi, ukapita kipande cha kati, ukafika kwenye kiungo. Hapo ukafa. Juu palitikisika ovyo kama mkia wa mjusi uliokatika. Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilibaki usoni kama taa iliyosahaulika. Akautikisa tena, polepole. Kisha akaivuta ncha, akaipeleka puani.

"Vanishi hii ni ya mwezi huu," akasema.

Akapapasa kiungo, kisha mwanzi.

"Kiungo ni cha baba. Mwanzi si wa baba. Dada?"

"Naam."

"Ya baba iko wapi?"

Nikasema. Nilisema yote nimesimama, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: mashemeji, sinki, kata, foronya. Na chai niliyokunywa kwa Dereva, na maneno niliyomtia. Dereva akageuka akanitazama, mdomo ukamlegea.

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia nisimpe."

"Ni mimi."

"Miaka kumi na saba sikusema na kaka yangu!"

"Ni mimi."

Mianzi aliinua mkono, Dereva akanyamaza. "Imebaki kiasi gani?"

"Shibiri tatu."

"Iko wapi?"

"Sandukuni."

"Bwana mdogo, nenda kailete."

Nikavua kamba shingoni, nikampa Dereva ufunguo. Ule niliosema umepotea. Wifi aliuona ukitoka ndani ya nguo yangu akatema "Tss!" moja tu, akaenda jikoni.

Tulibaki wawili. Saa nzima. Sikuwa na ujasiri wa kukaa.

"Unajua nimeunga ncha ngapi zilizovunjika?" Mianzi akasema, uso bado dirishani. "Daftari linajua. Mia mbili na kitu. Za watu baki. Zilizokanyagwa na punda, zilizotafunwa na mbwa. Ungenipa shibiri tatu ningeongeza moja na nusu kwa wiki moja. Mwanzi wa umri ule ninao. Ninao humu ndani, Dada, nimeuweka miaka yote kwa ajili ya ufito ule."

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi?"

"Kwako ndiyo hasa."

"Kazi yangu ni vilivyovunjika," akasema. "Ulidhani nafanya nini humu?"

Dereva alirudi na foronya. Mianzi akakitoa kipande, akapapasa pale kilipokatikia, muda mrefu, kama anayesoma. Kiungo kilikuwa kimechomolewa kwa moto na mwanzi umeungua pembezoni. Hilo nalo alilipata kwa kidole, akaguna. Hakikuweza kuunganishwa tena siku ile, na mikono ambayo ingeweza ilikuwa yake peke yake, na ilihitaji macho. Akavilaza vipande vitatu juu ya meza, kimoja kikifuata kingine.

"Niambie rangi."

"Shina ni kama chai iliyokolea," nikasema. "Kati ni nyeusi nyeusi, ya dizeli. Ncha ni ya kahawia, ina mng'ao. Uzi ni mwekundu uliochujuka."

"Vimekaa sawa?"

"Ncha imekwenda kushoto kidogo."

Akaisogeza. "Sasa?"

"Sasa viko sawa."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi."

Aligeuza uso upande wa meza, akakaa hivyo kama mtu anayetazama. Mimi niliangalia sakafu.

"Chukua daftari," akasema. "Ukurasa wa baba. Ncha, pungufu shibiri moja na nusu. Mwisho wa chini umeungua. Sababu?"

Nikaandika huku nikitamka, "Sababu: dada mkubwa, kwa kuzibua sinki."

"Hiyo ni sababu ya ncha kuvunjika. Kuna kasoro nyingine. Andika: mwenye daftari hakuuona ufito ukiwa mzima. Sababu?"

Nikaishika kalamu kwa mkono ule ule ambao mwandiko wake unasifiwa. Nikaandika: Sababu: dada mkubwa, kwa kiburi. Alisubiri giza.

"Soma."

Nikasoma. Dereva akatoka nje.

"Na thamani?" nikauliza, maana ndivyo kurasa zote zilivyomalizika.

Mianzi alikuwa anapapasa meza, anatafuta ile ncha ya uongo. Aliipata, akanirudishia mkononi mwangu, kwa adabu, kama unavyomrudishia mteja kitu chake.

"Hapo acha wazi," akasema.

Mwaka wa pili sasa. Ninakwenda kila siku ya mapumziko, namsomea daftari, ukurasa anaoutaka yeye. Huo wa baba hajauomba tena. Sehemu ya thamani iko wazi.